Kiu Kabla ya Mzani

Msomaji, kama wiki nzima umelala vizuri, hongera zako. Mimi usingizi ulinipita mbali. Tulimwacha bondia wetu wa kike, Radi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, bandeji mikononi, akiitazama pakiti ya dawa zake ikining'inia kwenye vidole viwili vya mwanamume, juu kabisa ya tundu la maji machafu.

Mwanamume huyo ni Shoti. Aliwahi kuwa mpenzi wa Radi, akamwachia ugonjwa, kisha akahamia kambi ya wapinzani. Sasa ndiye kocha wa Saruji, bingwa anayeushikilia mkanda ambao Radi atapigania kesho jioni.

"Sema umeumia mgongo," Shoti alisema. "Jitoe. Vidonge nitakurudishia na mdomo nitaufunga."

"Nisipojitoa?"

"Kesho asubuhi mnapimwa uzito na afya. Daktari akiona kidonda kibichi mwilini mwako, anakufuta. Na mimi nitahakikisha ukumbi mzima unajua ni kidonda cha nini."

Radi alimeza mate, au tuseme alijaribu, maana mate hayakuwepo. Alikuwa ameamka na ile dalili anayoijua: mchonyoto kwenye paja la ndani, unapanda kuelekea kule kusikotajwa mezani. Mwili wake ukichoka kwa mazoezi na njaa ya kupunguza kilo, mgeni huyu hurudi bila hodi. Daktari wa kliniki hakumficha kitu. Virusi vyenyewe havitoki mwilini, ila akiwahi vidonge mara tu mchonyoto unapoanza, malengelenge huenda yasitoke kabisa, na yakitoka yatapona upesi. Asubuhi ile alikuwa hajameza hata kimoja.

"Shoti," alisema kwa upole, "zamani ulinifundisha kitu kuhusu mtu anayeongea sana."

"Kitu gani?"

"Kwamba kidevu chake kiko wazi."

Ngumi ilitua kabla jamaa hajacheka. Kichwa cha Shoti kilirudi nyuma kikagonga vigae, damu ikaruka mpaka kwenye kioo. Lakini pakiti hakuiachia, mshenzi yule. Alimshika Radi nywele kwa mkono wa pili, akamvuta, akambamiza uso kwenye kabati la chuma. Akambamiza tena. Mdomo ukapasuka.

Radi alimuuma kifundo cha mkono. Aling'ata mpaka akasikia ladha ya damu isiyo yake, na Shoti akapiga yowe kama mbuzi. Pakiti ikaanguka.

Wote wawili waliiona. Radi aliinama, na kisigino cha Shoti kikamwahi. Vidonge vilisagika ndani ya karatasi yake, vikawa unga, kisha kiatu kikasukuma unga tunduni na mkono ukafungulia bomba.

"Kunywa basi," Shoti alisema, meno mekundu. Akatoka kwa mlango wa uani, maana kwenye korido kulishasikika viatu vizito.

Viatu hivyo ni vya Mjomba. Huyu ni kaka wa marehemu mama yake Radi, mlezi wake na kocha wake, mzee aliyeyaacha meno yake ya mbele ulingoni enzi zake na hajawahi kuyadai. Aliingia, akaona damu, akaona kabati limebonyea. Akaona kipande cha karatasi ya dawa kimebaki sakafuni, na kidonge kimoja kilichopasuka.

Sasa nikwambie kitu kuhusu makocha wa ngumi. Mtu mwingine akiona kidonge huuliza nani anaumwa. Kocha wa ngumi akiona kidonge bila boksi lake, siku moja kabla ya pambano, akili yake ina njia moja tu, na Mjomba akaifuata mbio.

Kofi lilimkuta Radi akiwa bado amepiga magoti.

"Umeanza lini?"

"Nini?"

"Dawa za kuongeza nguvu! Ndani ya jimu yangu! Mbele ya picha ya mama yako!" Mjomba aliokota glovu akairusha, kioo kikapasuka vipande. "Bora upigwe uzimie ukiwa msafi, kuliko ushinde na uchafu huo mwilini!"

"Siyo za nguvu, Mjomba."

"Basi za nini?"

Radi aliifuta damu mdomoni kwa bandeji. Msomaji mwenye mjomba utanielewa. Mjomba unamtania, unamwomba viatu, unamlalamikia juu ya baba yako. Lakini yaliyomo ndani ya bukta huyapeleki kwake. Hayo ni ya shangazi, na Radi hakubahatika kuwa naye.

"Nimekuuliza za nini!" Mkono ulikuwa tayari umeinuka tena.

"Nina malengelenge! Sehemu za siri! Yanapona, yanarudi, yanapona, yanarudi! Hizo ndizo dawa za kuyazuia, na Shoti amezimwaga ili kesho daktari anifute!"

Mkono wa Mjomba ulibaki hewani kama umesahauliwa. Aliushusha taratibu, akautazama kiganjani, akaufuta kwenye suruali. Uso wake ulikuwa umevimba kwa aibu. Aibu ya kilichosemwa, na aibu kubwa zaidi ya lile kofi.

"Ni yeye aliyekupa?"

"Ni yeye. Nilipomuuliza akaniita malaya."

"Nitamuua."

"Utamuua baadaye. Kwanza nataka dawa."

Waliingia duka la dawa Radi akiwa na kitambaa mdomoni. Palikuwa na foleni: mama na mtoto anayekohoa, mzee wa miwani, kijana anayetafuta plasta. Mjomba alijipeleka mbele, akakohoa kidogo, akainama kwenye kaunta kama mtu anayenunua bangi.

"Dada, samahani. Tunaomba dawa ya mpwa wangu. Ana... ana mafua."

"Mafua ya aina gani?" mfamasia aliuliza.

"Ya... ya chini."

Mzee wa miwani aligeuka. Mama akamziba mtoto masikio. Radi alimsogeza mjomba wake pembeni kwa bega.

"Nina hepesi, malengelenge ya sehemu za siri," alisema, na hakupunguza sauti. "Yameanza kuchonyota leo. Dawa nilichukua kwako, zimeharibiwa. Naomba nyingine."

Mfamasia, mama mnene mwenye kalamu nywelini, hakupepesa macho. Alikuwa anamkumbuka, na cheti cha kliniki kilimruhusu Radi kurudia dawa.

"Mimba?"

"Sina."

"Figo?"

"Nzima."

"Mdomo umefanya nini?"

"Ajali kazini."

"Unafanya kazi gani?"

"Ya kupigwa mdomo."

Mfamasia alicheka kidogo, akaleta pakiti. Radi hakusubiri hata kufungiwa. Alitoa kidonge, akakitia kinywani, akaanza kukitafuna kikavu, uso umekunjamana.

"We! Tema!" Mfamasia alimdaka mkono juu ya kaunta. "Maji yako wapi?"

"Sinywi maji," Radi alisema akikitemea kiganjani. "Nakausha mwili. Kesho napanda mzani."

"Unakausha tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Mkojo?"

"Kidogo. Mweusimweusi."

Mjomba alikuwa anasoma tangazo la dawa ya meno kwa bidii ya mwanafunzi.

Mfamasia aliivuta ile pakiti, akaiwekea kiganja juu. "Nisikilize, mwanangu. Dawa hii hutolewa na figo. Ikikuta mwili mkavu inaweza kugandia humohumo. Anayeimeza lazima anywe maji ya kutosha, leo kutwa na kesho kutwa. Ukitaka kukausha mwili, kausha, lakini dawa hii sikupi. Ukitaka dawa, kunywa maji hapa nikuone."

Ndiyo hapo, msomaji wangu. Umeona mtego? Bila dawa, malengelenge yatachomoza usiku na daktari atamfuta asubuhi. Na dawa inataka maji, maji yanaleta kilo, na kilo zitamwangusha kwenye mzani. Shoti mwenyewe hakujua ametega vizuri kiasi gani.

Mfamasia aliweka chupa kubwa ya maji kaunta. Baridi yake ilitoa jasho nje ya plastiki. Radi aliitazama kama mfungwa anavyotazama geti lililoachwa wazi.

"Usinywe," Mjomba alisema.

"Mjomba..."

"Usinywe! Miaka mingapi tumeusubiri mkanda huu? Nani alikuamsha alfajiri ukimbie? Vumilia bila dawa. Pengine hayatatoka."

"Yatatoka. Nayajua. Yakitoka siwezi hata kukunja goti."

"Sukutua uteme!"

Radi alinyoosha mkono. Mjomba akaipiga ile chupa kwa kofi, ikaruka, ikapasuka kwenye rafu, na sabuni na mafuta ya watoto vikaporomoka vyote. Mama akapiga kelele akimkumbatia mwanawe. Kijana wa plasta akasahau plasta.

Radi alimpiga mjomba wake ngumi ya mbavu.

Haikuwa ngumi ya hasira. Ilikuwa fupi, ya chini, ileile ambayo mzee alimrudisha kwenye begi la mazoezi maelfu ya mara mpaka akaipatia. Mjomba alikwenda goti moja sakafuni kwenye maji, mdomo wazi, hewa imemkimbia.

Radi hakuwahi kumpiga mzee huyu. Hata kwenye mazoezi alikuwa anamvungia, ngumi haifiki mwilini. Machozi yalimtoka Radi palepale, na sijui yalitoka wapi kwenye mwili mkavu vile.

"Mkanda unavaliwa kiunoni, Mjomba," alisema. "Na figo zinakaa hapohapo."

Mzee alikaa na goti lake kwenye maji. Alipopata pumzi, alisema kwa shida, "Ngumi safi."

"Nimefundishwa."

Mjomba alisimama kwa kujishikilia kwenye kaunta. Aliomba chupa nyingine, akaifungua kwa mikono yake, akamkabidhi mpwa wake bila kumtazama. Mfamasia aliirudisha pakiti. Radi aliweka kidonge kipya ulimini, akanywa. Alikunywa mpaka chupa ikajikunja. Maji yalishuka yakimuuma kifua, na kila funda alijua linamwondolea mkanda.

Alfajiri mchonyoto ulikuwa umelegea. Malengelenge hayakutoka. Lakini mashavu yalikuwa yamejaa, na hiyo kwa bondia wa siku ya mzani ni habari mbaya.

Ukumbi wa kupimia ulikuwa umefurika. Pembeni walitundika pazia zito, na nyuma yake mabondia wa kike walivua na kukaguliwa. Radi hakusubiri daktari atafute.

"Nina hepesi, daktari. Ilitaka kunianza jana, nimewahi dawa."

Daktari, mwanamke kijana mwenye mikono ya haraka, alimkagua kwa makini. "Hakuna kidonda. Umefanya vizuri kusema. Kwangu mimi umepita. Nenda kwenye mzani."

Kwenye mzani hakupita.

Msimamizi alisoma mara ya kwanza, akamwambia ashuke, apande tena. Akasoma. Akatikisa kichwa.

"Amezidi."

Ukumbi ulilipuka. Na nani alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote? Shoti, kidevu kimevimba kama andazi, bandeji kwenye kifundo cha mkono. "Pambano hakuna! Mkanda unabaki nyumbani! Mtu ameshindwa kufunga mdomo wake siku moja tu!"

Mjomba alimrukia. Watu wanne walimshika, na bado aliwaburuta. "Niacheni! Niacheni nimtoe utumbo!"

"Subirini," msimamizi alisema. "Bingwa ana haki ya kukubali kupigana na mtu aliyezidi. Saruji yuko wapi? Mbona hata kukaguliwa hajakaguliwa?"

Shoti aliacha kupiga makofi. "Haina haja akaguliwe. Pambano limekufa."

Alilisema haraka mno. Radi alilisikia, akageuka, akarudi nyuma ya pazia kuchukua nguo zake.

Saruji alikuwa pale, peke yake, amekaa benchi kwa upande mmoja wa makalio. Watu wanamwogopa mwanamke huyu. Amewahi kumvunja mtu taya kwenye raundi ya kwanza, kisha akamletea hospitalini uji na mrija. Lakini asubuhi ile jasho jembamba lilimtoka usoni, na midomo ilikuwa imekauka kwa homa.

"Naomba nikuulize kitu," Saruji alisema. "Shoti ananicheka kila siku kambini kwa habari zako. Anasema una ugonjwa wa kule. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Unaanzaje?"

Radi alimtazama. "Mchonyoto kwanza. Paja, au chini. Halafu vimalengelenge vidogo, vimejikusanya. Vinapasuka, vinakuwa vidonda. Ukikojoa unalia. Mara ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, na homa juu."

Saruji alijisogeza kwenye benchi, akakunja uso kwa maumivu. Alipoongea tena, sauti ile ya kuvunja taya haikuwepo.

"Aliniambia ni joto la bukta."

"Nani?"

"Mchumba wangu." Alionyesha kwa kidole gumba, nje ya pazia, kule ilikotoka sauti ya Shoti akibishana na msimamizi. "Alinikataza kwenda kwa daktari. Alisema nivumilie tu, wewe hutafika kwenye mzani, mkanda utabaki kwetu. Siwezi kutembea, mwenzangu. Nimelia chooni leo mpaka nimeuma taulo."

Basi kumbe! Shoti hakumwaga zile dawa ili kumzuia Radi tu. Alikuwa na bingwa asiyeweza hata kupanua miguu, na alijua vizuri sababu ni nani.

Radi alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Aliketi karibu na mwanamke aliyetakiwa kumvunja taya jioni hiyo.

"Inatibika kwa namna ya kutulizwa," alimwambia. "Haiishi, ila inatulizwa. Huu siyo mwisho wako. Nikitoka hapa nakupeleka kliniki mwenyewe. Daktari yuko hapo nje, tuanze na huyo."

"Nitasema nini?"

"Sema kama ulivyoniambia mimi."

Pazia lilifunguka, Shoti akaingia, akalifunga nyuma yake. Alitazama huyu, akatazama yule, na akaelewa.

"Umemwambia nini mchumba wangu?"

"Yeye ndiye aliyeniambia," Radi alisema akisimama.

"Joto la bukta, Shoti?" Saruji naye alisimama. Ilimchukua muda, na iliuma, lakini alisimama wima.

Upande wa pili wa pazia, Mjomba alikuwa bado mikononi mwa watu wanne. Alisikia kofi, kali, la kiganja kwenye shavu la mwanamke. Akasikia sauti ya Shoti ikisema, "Funga mdomo, mchafu we!" Kisha akasikia mlio ambao mzee wa ngumi haufananishi na mwingine wowote, ngumi kavu, bila glovu, imeingia yote. Baada yake kitu kizito kilitua kwenye sakafu ya zege, na huo haukuwa mlio wa mgongo. Ulikuwa wa kichwa.

Chuma cha pazia kiling'oka, kitambaa kikashuka.

Shoti alikuwa amelala chali, macho wazi, hayatazami popote. Damu nyembamba ilimtoka sikioni ikatafuta mteremko. Juu yake walisimama wanawake wawili, bega kwa bega, wamekunja ngumi, wote wanahema.

Daktari alipita mbio, akapiga magoti, akaweka vidole shingoni. Akavihamisha. Akaviweka tena, uso ukabadilika rangi.

"Sogeeni nyuma, pisheni hewa! Iteni gari!" Kisha akainua macho. Nyuma yake polisi wa mlangoni alikuwa tayari anasogea, pingu mkononi. "Nani amempiga huyu?" polisi aliuliza.

Hawakutazamana.

"Mimi," alisema Radi.

"Mimi," alisema Saruji.